Saa Ishirini na Tatu: Kazi ya Mlezi wa Vijana Katika Makao

Wanafunzi wengi wakiulizwa watapenda kufanya kazi gani wamalizapo masomo, hutaja udaktari, uhandisi, ualimu, uanasheria au kazi ya benki. Ni nadra kumsikia mmoja akisema, "Nataka kuwa mlezi wa vijana katika makao." Pengine sababu ni kwamba kazi hiyo haijulikani vema, au hudhaniwa kuwa ni kulinda mlango na kugawa chakula tu. Katika somo hili twataka kuieleza: ni kazi gani, watu waliijifunzaje, na yamtaka mtu awe na nini. Hata asiyenuia kuifanya atapata faida, kwa maana kila mzazi, kila mwalimu wa bweni na kila kiranja hufanya sehemu yake.

1. Mlezi wa makao ni nani?

Makao ni nyumba wanamoishi watoto na vijana ambao kwa sababu fulani hawawezi kukaa kwao. Wengine wamefiwa na wazazi na hawana jamaa wa kuwapokea. Wengine wameondolewa nyumbani kwa sababu walikuwa wakiteswa. Wengine walikuwa wakilala barabarani, na wengine wamepelekwa na mahakama. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, nayo yaweka makao hayo chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Yako makao ya Serikali, kama yale ya Kurasini, Dar es Salaam. Iko Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, kwa vijana waliotiwa hatiani. Na yako mengi ya mashirika ya dini na ya watu binafsi.

Mlezi wa makao ndiye akaaye na vijana hao. Yeye si daktari, si hakimu, si mwalimu wa darasani, wala si askari. Huwaamsha, hula nao, huwasimamia kufua na kusoma, huamua ugomvi wao, na usiku huhakikisha kwamba kila kitanda kina mtu wake.

Ni lazima tuseme mapema kwamba makao si badala ya ukoo. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo isemayo kwamba kwanza itafutwe njia ya mtoto kukaa na wazazi au jamaa zake, na makao yatumiwe pale tu yanapofaa na kwa muda unaohitajika. Kwa hiyo mlezi mwema hajaribu kumfanya kijana asahau kwao. Kama yuko nyanya, shangazi au mjomba, mlezi humsaidia kijana kuwaandikia na kuwatembelea, hata siku ya kurudi ifike.

2. Kwa nini saa ishirini na tatu?

Mwaka 1969 wataalamu watatu wa Marekani, Albert Trieschman, James Whittaker na Larry Brendtro, walitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Zile Saa Nyingine Ishirini na Tatu." Walikuwa wameitazama kazi ya kulea watoto wenye taabu za moyo katika nyumba moja huko Needham, Massachusetts. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtoto mwenye taabu aweza kukaa na mganga wa akili kwa saa moja. Lakini siku ina saa 24. Katika zile 23 zilizobaki, nani yuko naye? Yuko naye mlezi. Na kama saa hizo ni mbaya, ile saa moja haitafaa kitu.

Tuitazame asubuhi. Kijana aliyezoea kuamshwa kwa teke huamka akiwa tayari kupigana. Mlezi akiingia bwenini kwa makelele na kuvuta mashuka, amekwisha kumwambia, bila kutaka, kwamba ulimwengu bado ni ule ule. Akimwita kwa jina lake, akampa dakika chache, kisha akarudi na kumwita tena, amemfundisha jambo jipya kabla ya jua kupanda.

Tutazame chakula. Kijana aliyekaa na njaa miezi mingi huficha kipande cha mkate chini ya godoro, ingawa sahani yake ilikuwa imejaa. Mlezi asiyejua humwita mwizi mbele ya wenzake. Mlezi ajuaye humwambia faraghani kwamba kesho uji utakuwapo. Na kesho uji huwapo, kwa saa ile ile. Haya yakirudiwa asubuhi nyingi, mkono huacha wenyewe kuficha. Maneno peke yake yasingeweza kuuachisha.

Tutazame na usiku. Mchana una mpira, masomo na kazi, lakini taa zikizimwa ndipo mawazo yajapo. Fujo nyingi za bwenini huanza saa ya kulala, na mara nyingi chanzo chake si utundu bali ni hofu. Mlezi apitaye polepole kati ya vitanda, akasema neno moja moja, huzuia fujo nyingi kuliko yule asimamaye mlangoni na tochi.

Basi ratiba ya makao haikuwekwa kwa ajili ya unadhifu tu. Kijana aliyeishi bila kujua jioni italeta nini huhitaji kwanza kuona kwamba mambo yaliyosemwa hutokea. Waliosema ahadi ni deni walisema kweli. Na kwa vijana hawa deni dogo kabisa, kama kuahidi sindano na uzi siku ya Jumamosi, hutazamwa kwa macho makali. Wamekwisha kuahidiwa mengi na watu wazima.

3. Wavulana kumi na wawili

Njia ya kukaa na vijana wakali haikupatikana kwa siku moja. Mmoja wa waliotangulia kuijifunza alikuwa August Aichhorn, mwalimu wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, watoto na vijana wengi wa nchi hiyo walikuwa wakizurura na kuiba. Aichhorn akafungua makao yao mahali paitwapo Oberhollabrunn, katika mabanda yaliyokuwa kambi ya wakimbizi. Vijana waligawanywa katika vikundi kwa kufuata tabia zao. Mwishoni wakabaki wavulana kumi na wawili ambao hakuna kikundi kilichoweza kukaa nao kwa ukali wao. Hao akawachukua yeye pamoja na wasaidizi wake.

Alipochunguza habari zao aliona jambo moja lililowaunganisha: wote walikuwa wamelelewa kwa ukali na mapigo, wala hawakuonjeshwa upendo. Akafikiri hivi: ikiwa mapigo ndiyo yaliyowafikisha hapa, mapigo zaidi hayatawatoa. Akawaagiza wasaidizi wake wasipige, wawe wapole, na waingilie kati ili mtu asidhurike.

Kwanza mambo yalizidi ubaya. Wavulana walivunja madirisha na milango. Mmoja alijirusha dirishani bila kujali vioo. Wakati wa chakula waliiacha meza, kila mmoja akachutama pembeni na sahani yake sakafuni. Wasaidizi walichoka mno.

Kwa nini ukali ulizidi? Aichhorn aeleza kwamba vijana wale walikuwa wakingoja adhabu waliyoizoea. Kwao, mtu mzima asiyepiga ni dhaifu, au anavizia nafasi. Ndiyo sababu walimjaribu. Walipoona kwamba pigo haliji, ghadhabu yao ilikosa pa kuegemea. Ikawa ya kuigiza, kisha ikaishia katika machozi. Baada ya hapo walishikamana na walezi wao kama watoto wadogo, na kidogo kidogo wakatulia. Habari hizi Aichhorn aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Msomaji asidhani kwamba twafundishwa kuacha madirisha yavunjwe. Somo ni kwamba kijana aliyeumizwa huja na matarajio yake, naye atafanya bidii kubwa kukufanya uwe kama wale waliomwumiza. Kazi ya mlezi ni kukataa kuwa hivyo, na kukataa bila kumwacha.

4. Hasira inapopanda

Kijana mmoja wa Austria, Fritz Redl, alijifunza kazi hii pamoja na Aichhorn, kisha mwaka 1936 akahamia Marekani. Huko, mwaka 1946, yeye na David Wineman walifungua nyumba ndogo mjini Detroit iliyoitwa Pioneer House, kwa wavulana wachache wakali sana. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka 1948 kwa kukosa fedha. Lakini waliyoyaona humo waliyaandika katika vitabu viwili, vya mwaka 1951 na 1952, ambavyo walezi wamevitumia tangu hapo.

Redl na Wineman walionyesha kwamba kati ya kunyamaza na kuadhibu ziko hatua nyingi, na mlezi mwenye busara huanza na ile iliyo ndogo. Hatua hizo twaweza kuzipanga hivi:

(a) Kupuuza kwa makusudi lile lifanywalo ili kumchokoza mlezi tu.
(b) Kutoa ishara: kutazama, kutikisa kichwa, kuinua kidole.
(c) Kusogea karibu na kijana bila kusema neno.
(d) Kumsaidia kuvuka kikwazo. Achanaye daftari lake pengine ameshindwa na hesabu moja. Akionyeshwa hesabu hiyo, hasira hukosa kazi.
(e) Kutia mzaha usio na dhihaka.
(f) Kubadili shughuli kabla haijaharibika.
(g) Kumtoa mahali pa ugomvi bila kumwaibisha, kama kumtuma jikoni kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.
(h) Kumshika asijidhuru wala asidhuru mwingine. Hii ni ya mwisho, hufanywa bila kuumiza, na huachwa mara hatari ipitapo.

Hasira ikipoa, kazi haijaisha. Redl alifundisha kwamba mazungumzo yafaayo kuliko yote ni yale yafanywayo papo hapo, karibu na jambo lenyewe, na mtu aliyekuwapo. Tuchukue mfano. Juma, wa miaka 14, amempiga mwenzake kwa ndoo kwenye bomba la maji. Mlezi, ambaye vijana humwita Mama, ameketi naye barazani.

"Juma, ilikuwaje?"

"Alichukua zamu yangu, Mama."

"Akachukua zamu yako. Kisha?"

"Nikamwambia aondoke. Akanitukania mama yangu."

Mama akangoja.

"Mama yangu amekufa," akasema Juma.

"Najua, mwanangu. Neno lile liliingia mahali penye kidonda."

"Ndiyo."

"Na sasa mwenzako ana jeraha kichwani. Tutafanyaje juu yake? Na siku nyingine mtu akikutukania mama, utafanya nini kabla mkono haujafika kwenye ndoo?"

Tazameni mpango wake. Kwanza kijana asimulia kwa maneno yake. Pili mlezi amsaidia kuona jambo lililo chini ya jambo. Tatu hamwachi atoke bila kutazama alilolifanya. Nne watafuta pamoja la kufanya siku nyingine. Mlezi hakusema kwamba kupiga ni halali kwa sababu Juma ni yatima. Wala hakusahau kwamba Juma ni yatima kwa sababu amepiga.

Elimu ya siku hizi yaunga mkono njia hiyo. Wataalamu wameonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, itumikayo kuzuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Hivyo kijana huhitaji mtu mzima wa kumwazima utulivu wake. Mlezi aliyepandwa na hasira hana utulivu wa kuazima.

5. Sheria iwe ya wote

Wakati Aichhorn alipokuwa akifanya kazi Austria, daktari mmoja katika mji wa Warsaw, Poland, alikuwa akijaribu jambo jingine. Jina lake la uandishi lilikuwa Janusz Korczak. Tangu mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima pamoja na Bibi Stefania Wilczyńska. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa na mahakama yao wenyewe. Waamuzi walichaguliwa kwa kura miongoni mwa watoto ambao juma lile hawakuwa na kesi. Kitabu cha sheria kiliandikwa ili kusamehe zaidi kuliko kuadhibu, na vifungu vyake vingi vya mwanzo ni vya msamaha.

Jambo kubwa ni kwamba watu wazima nao waliweza kushtakiwa. Korczak aliandika kwamba katika muda wa nusu mwaka alijishtaki mwenyewe mara tano mbele ya mahakama ya watoto: mara moja kwa kumpiga mvulana kofi la sikio, mara nyingine kwa kumtoa mtoto bwenini, kwa kumsimamisha pembeni, kwa kumtukana mwamuzi, na kwa kumshuku msichana kuwa ni mwizi. Wengine wangeogopa kwamba heshima ya mkubwa itaanguka. Yeye aliona kwamba mtoto ajuaye kuwa sheria yamshika hata mkubwa huanza kuiamini sheria.

Mwaka 1942, Wanazi walipowachukua watoto wa nyumba hiyo, ambao walikuwa Wayahudi, kuwapeleka Treblinka kuuawa, Korczak na Bibi Wilczyńska hawakuwaacha. Walikwenda nao, wakafa nao. Hatuombi mlezi yeyote apatwe na jaribu kama hilo. Lakini yafaa kujua kwamba uaminifu wa siku ile ulitanguliwa na miaka thelathini ya asubuhi za kawaida.

Mfano wa karibu na sisi uko Nairobi. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianzisha Starehe, katika mabanda mawili ya bati, kwa wavulana wasio na makwao. Starehe ikawa shule kubwa yenye sifa, na Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Huko nako liliwekwa baraza ambamo wavulana waliweza kusimama mbele ya mkubwa wao na kusema yaliyowasumbua. Malalamiko yasemwayo barazani hayahitaji kusemwa kwa mawe.

6. Mlezi na nafsi yake

Wako watakaouliza: je, wazee hawakusema, mchelea mwana kulia hulia yeye? Walisema, na ni kweli. Lakini methali hiyo haikutaja fimbo. Yasema kwamba mzazi asiogope kumkataza mtoto lile lisilofaa, hata kama mtoto atalia. Mlezi amwambiaye kijana, "Leo hutoki, kwa sababu jana hukurudi kwa wakati," kisha akavumilia manung'uniko ya jioni nzima bila kubadili neno na bila kutukana, ameitimiza methali hiyo kuliko mpigaji. Fimbo humaliza jambo kwa dakika moja, lakini humrudisha kijana kule kule alikotoka.

Yako na mambo mengine yampasayo mlezi. Asijifungie chumbani na kijana peke yake. Mazungumzo ya faragha yawe mahali waonekanapo, ingawa hawasikiki. Asitoe siri za vijana sokoni wala kupiga picha zao kuwaonyesha wageni. Lakini asimwahidi kijana kuficha kila kitu: kijana akimwambia kwamba anaumizwa, au anafikiri kujiua, mlezi hana budi kumpelekea habari mkubwa wake na afisa ustawi wa jamii siku ile ile, naye amweleze kijana kwamba atafanya hivyo.

Aandike daftari la zamu kwa maneno ya kweli. "Juma mkorofi" si habari. "Juma hakula jioni, alipokea barua saa kumi" ni habari, na mlezi wa zamu ya usiku ataitumia. Tena, ajue kupumzika. Kazi hii huchosha moyo kuliko mikono, na aliyechoka sana huanza kusema maneno ambayo asingeyasema. Kuomba mwenzake amshike zamu si aibu.

7. Siku ya kuondoka

Mwisho wa kazi yote ni siku ile kijana atokapo na sanduku lake. Wengi hutoka wafikapo miaka 18, umri ambao vijana wengi wenye wazazi bado hulishwa nyumbani. Basi maandalizi yaanze mapema: kupika, kutunza fedha, kupata cheti cha kuzaliwa, kujua kazi, kujua jamaa. Yafaa pia awepo mtu mmoja ambaye kijana aweza kumpigia simu miaka mitatu baadaye na kusema, "Mama, nimepata kazi," au, "Mama, nimefukuzwa kazi."

Matunda ya kazi hii hayaonekani upesi, na mara nyingi aliyepanda hayuko wakati wa kuvuna. Lakini iko siku mtu mzima, asiyepigwa tena na mtu, atamwamsha mtoto wake mwenyewe asubuhi. Atamwita kwa jina, atampa dakika chache, kisha atarudi na kumwita tena. Huenda asikumbuke alijifunza wapi kufanya hivyo.

Maswali ya kufikiri

1. Kwa nini ukali wa wavulana wa Aichhorn ulizidi walipoacha kupigwa?
2. Chagua ugomvi mmoja uliotokea bwenini muhula huu. Katika zile hatua nane, ni ipi iliyotumiwa, na ni ipi ambayo ingetosha?
3. Je, viranja wa shule wapaswa kushtakiwa mbele ya wanafunzi kama Korczak alivyojishtaki? Toa sababu.
4. Andika kwa sentensi tano habari za daftari la zamu ya jioni moja, bila kutumia neno lolote la kumhukumu mtu.